Kutoka Mbezi hadi Tunduma, tukifukuzia mipaka

Jumapili, Dar es Salaam

Tunaondoka kesho alfajiri, mimi na mwenzangu ambaye ni mpimaji wa ardhi. Kazi yetu ya kila siku ni kuchora ramani za visima na vituo vya maji vya vijijini, na kila tunapokabidhi ramani, swali la kwanza ni lilelile: hiki kisima kiko kata gani, kijiji gani? Kisima tunacho, alama zake za GPS tunazo. Mipaka ndiyo shida. Kwa hiyo tunaifuata barabara kuu hadi Tunduma, tukague mipaka iliyomo kwenye data za bure, tukusanye kidogo kinachokosekana, kisha tukiweke mahali ambapo yeyote anaweza kukichukua.

Leo kutwa nimekuwa nikipakua. Mipaka ya mikoa, wilaya na kata ya sensa ya 2012 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ile ya HDX, ghala la data la ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu, ambamo kila eneo lina msimbo unaoanza na TZ. Ya geoBoundaries, kutoka chuo cha William & Mary huko Marekani. Ya GADM, mkusanyo mwingine wa mipaka ya dunia nzima. Na nchi nzima kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo kampuni ya Geofabrik huitoa upya kila siku. Zote nimezimwaga kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kila moja na rangi yake. Mwenzangu akaangalia kioo, akauliza kama hii ni nchi moja au ni tano.

GADM nimeiweka pembeni. Data yenyewe haina ubaya. Leseni ndiyo tatizo. Inaruhusu matumizi ya kitaaluma na yasiyo ya biashara, lakini huruhusiwi kuigawa upya bila idhini. Anayeandika tasnifu inamtosha. Sisi tunataka kumpa mtendaji wa kata faili, naye ampe mwenzake wa kata ya pili, na hilo haliwezekani. geoBoundaries iko chini ya leseni ya CC BY 4.0: chukua, badili, gawa, taja ulikoitoa. OpenStreetMap iko chini ya leseni ya ODbL, ambayo inaongeza sharti moja: ukiiboresha hifadhidata hiyo na kuisambaza, uiache wazi kwa masharti hayohayo. Haya mambo watu huyaruka kama masharti ya mkopo wa simu, halafu baadaye kazi ya miezi inakwama.

Jumatatu, Mbezi hadi Morogoro

Basi limetoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla jua halijachomoza. Hata hapa stendi pana habari: wilaya ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, kwa hiyo kwenye mipaka ya sensa ya 2012 Mbezi bado iko Kinondoni, na Kigamboni bado iko Temeke. Data haijakosea. Ni ya 2012 na inasema ukweli wa 2012. Anayeikosesha ni yule aliyeipakia mahali pengine bila kuandika mwaka.

Nimekaa dirishani, simu mkononi, nangojea Kibamba iishe. Ubao wa kukaribisha mkoa wa Pwani umepita, na sekunde chache baadaye nukta yangu ya buluu ikavuka mstari wa OpenStreetMap. Mstari wa faili jingine nilikuwa nimeuvuka kitambo. Mbao za barabarani nazo si ushahidi wa kutegemea sana; husimikwa panapoonekana vizuri, si lazima pale penyewe mpaka unapopita.

Chalinze tumeshuka, tukala, tukapanda basi jingine. Hapa ndipo nawapeleka wote wanaodhani neno wilaya lina maana moja. Chalinze ina halmashauri yake, ina mkurugenzi wake, ina jimbo lake la uchaguzi. Lakini mkuu wa wilaya ni wa Bagamoyo. Wilaya ni moja, halmashauri mbili. Sasa fungua faili lolote lenye ngazi ya wilaya uone: mengine yanakupa wilaya, mengine halmashauri, mengine yamechanganya, na safu ya jina haisemi. Mfadhili akiuliza "wilaya ngapi zina maji", jibu linategemea faili ulilolianzia. Sisi tumeamua kutenganisha safu mbili, wilaya na halmashauri, hata kama kwingi zitafanana. Tarafa tumeiacha, ina ofisa wake lakini kwenye data za bure karibu haimo.

Morogoro tumelala karibu na Msamvu.

Jumanne, Morogoro hadi Iringa

Mikumi tumeipita na twiga wake. Ruaha Mbuyuni tumeshuka kwa makusudi. Hapa ni mpakani mwa Morogoro na Iringa, vitunguu vimepangwa barabarani kwenye nyavu nyekundu, na wauzaji hawakuelewa kwa nini wateja wawili wanataka kusimama kwenye daraja badala ya kununua.

Tulichokuwa tukikitazama ni mto. Mpaka ukifuata mto, mchoraji ana njia mbili: afuate kila kona, au akate kona ili faili liwe jepesi. Faili jepesi linafaa kwa ramani ya nchi nzima kwenye ukurasa wa gazeti. Ukilivuta karibu, mstari unaacha maji, unapita katikati ya mashamba ya watu, unarudi majini. Nyumba za ng'ambo zinahama mkoa bila kuhama. Ndivyo ilivyokuwa kwenye moja ya faili zetu, na si siri: waandaaji wake hutoa matoleo mawili, lililorahisishwa na kamili, ila wanaopakua huchagua dogo kwa sababu ya bando.

Baada ya Kitonga, karibu na Ilula, tunavuka longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Abiria hawaioni, mpimaji anaijua: wapimaji wameigawa dunia kwa kanda zenye namba, na upande wa mashariki vipimo vyetu vya mita huhesabiwa kwa ukanda wa 37, magharibi kwa ukanda wa 36. Mwenzangu akabadilisha mpangilio wa kifaa chake huku wenzetu wakigombania nyanya dirishani.

Jumatano, Iringa na Makambako

Iringa baridi, Mafinga baridi zaidi, mbao na nguzo za msitu wa Sao Hill zimelundikwa kando ya barabara. Sina la kusema zaidi kuhusu Mafinga, mipaka yake imetulia. Makambako upepo unang'oa kofia.

Makambako ni ya Njombe, mkoa uliozaliwa 2012 kutoka Iringa. Jioni nimejaribu kuunganisha jedwali la vituo vya maji na mipaka ya wilaya, na wilaya moja ikagoma kabisa: Wanging'ombe. Kwenye faili moja imeandikwa kwa king'ong'o chenye alama iliyonyooka, kwenye jingine alama imepinda, kwenye la tatu hakuna alama, na kwenye la nne kompyuta imeweka alama ya kuuliza katikati ya jina. Kwa macho ni wilaya moja. Kwa kompyuta ni nne. Na nchi hii imejaa majina yenye ng'.

Dawa yake ni kutounganisha kwa majina. Kata zina postikodi ya tarakimu tano, na HDX wana misimbo yao. Tumeamua faili letu libebe yote mawili, majina yabaki kwa ajili ya macho ya watu. Tena majina yenyewe hujirudia: kata inayoitwa Majengo utaikuta mji hadi mji.

Alhamisi, kijijini

Bodaboda mbili, vumbi, na barua ya utambulisho mkononi. Kijiji sikitaji, kiko wilaya ya Wanging'ombe, na watu wake hawakuomba kuandikwa. Ofisi ni chumba kimoja, kalenda ya mwaka jana ukutani, na kando yake, ndani ya fremu ya mbao, cheti cha ardhi ya kijiji. Hiki hutolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, na kina ramani yake: mstari mweusi, namba za bikoni, yaani alama za zege zinazofukiwa mpakani, na jedwali dogo la vipimo pembeni. Yaani mpaka tuliokuwa tukiutafuta kwenye seva za Marekani ulikuwa umening'inia hapa kwa msumari.

"Kamwene," mwenyekiti akatupokea.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni. Mtendaji amenieleza kwa simu, lakini nataka kusikia kwenu wenyewe."

Tukaeleza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye warsha yoyote ya data: "Mkishauweka huo mpaka huko kwenye mtandao, akaja mtu na simu yake akaniambia shamba la fulani liko kijiji cha jirani, mimi nitamjibu nini?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu. "Utamwonyesha hicho cheti, mzee. Mstari wetu ni wa kuonyesha visima viko wapi. Haukati kesi ya shamba, na tutaliandika hilo palepale kwenye faili."

"Na ule upande wa bondeni? Kule na wenzetu hatujaelewana."

"Ule tutauchora kwa nukta nukta, tuandike haujathibitishwa. Au tuuache kabisa, ukitaka."

Akawatazama wajumbe aliokuwa amewaita. Mama mmoja akasema uchorwe, lakini iandikwe. Wakakubaliana hivyo, mtendaji akaandika barua ya ridhaa, akagonga muhuri.

Barua hiyo si mapambo. Kuweka kitu OpenStreetMap unatakiwa uwe na haki ya kukiweka. Huwezi kunakili ramani ya mtu, wala kufuatisha mistari ya Google. Kwa hiyo hatukupiga picha ile ramani na kuichora juu yake. Tumeutembea mpaka wenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji mbele na panga lake.

Bikoni ya kwanza ilikuwa ndani ya mahindi. Akafyeka, akakwangua udongo kwa kisigino, ikatokea zege yenye upana wa kiganja, chuma katikati, namba imechongwa ila tarakimu ya mwisho imeliwa na jembe la mtu. Mwenzangu akaweka kifaa juu ya chuma, tukasubiri kitulie, akasoma namba. Kisha akafungua daftari alimokuwa amenukuu kipimo cha jedwali la ofisini, kwa ruhusa, ili kulinganisha. Tofauti: takriban mita 300.

Mwenyekiti wa kitongoji akashtuka. "Kwa hiyo bikoni imehamishwa?"

Haikuhamishwa. Ramani nyingi za upimaji wa Afrika Mashariki zimejengwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, na GPS inatumia WGS 84. Ni maumbo mawili tofauti ya dunia, kwa hiyo nukta ileile ina namba tofauti. Ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kama za WGS 84, kwa maeneo haya kijiji kizima kinaruka kaskazini mita mia tatu hivi. Mwenzangu akaiambia kompyuta kwamba vipimo vya daftari ni vya 21036, ndiyo namba ya Arc 1960 kwa ukanda wa 36, ikavibadili, na nukta ikakaa juu ya zege. Na hapa naomba niseme na wanaotuma kwa WhatsApp shepufaili, yaani ramani iliyogawanywa kwenye faili kadhaa zinazokwenda pamoja: faili lile dogo la mwisho, .prj, mnaloliacha kwa sababu "halina kitu", ndilo linalobeba habari hii. Bila hilo anayepokea anakisia.

Tumetembea hadi jua likaelekea kuzama. Bondeni tumepita pia, tukachukua mstari ambao kijiji hiki kinaudai, tukauandika hivyohivyo: unadaiwa, na nani.

Ijumaa, Makambako hadi Mbeya

Asubuhi kabla ya basi tumeingia steshenari, tukachapa ramani ya kijiji kwenye karatasi ya A3, ikawekwa laminesheni. Visima, shule, zahanati, vitongoji, mpaka, na kipande cha nukta nukta. Nakala mbili tumempa dereva wa bodaboda wa jana azirudishe kwa mtendaji. Faili tumelituma kwa simu, lakini karatasi ndiyo itakayotumika mkutanoni.

Igawa, Chimala, mchele wa Igurusi. Huku Mbarali mpaka si mchezo. Wakulima na wafugaji wa bonde la Usangu wameishi miaka na Tangazo la Serikali Namba 28 la 2008, lililopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ukilisoma tangazo la aina hiyo unakutana na mpaka ulioandikwa kwa maneno na namba: kuanzia nukta fulani, elekea mwelekeo fulani, fuata mto hadi makutano. Hapo ndipo sheria ilipo. Mstari wa kwenye ramani ya bure ni tafsiri ya mtu, na hapa sisi hatukugusa kitu.

Mbeya jioni, nimeweka namba mbili kwenye jedwali. Sensa ya 2012: mkoa wa Mbeya, watu 2,707,410. Sensa ya 2022: watu 2,343,754. Mtu asiyejua atadhani kumetokea balaa. Kilichotokea ni mkoa wa Songwe, uliomegwa 2016 na kuondoka na Mbozi, Momba, Ileje na wilaya ya Songwe. Iringa nayo ukiifuata kutoka sensa ya 2002 hadi ya 2012 inaonekana imepukutika, kwa sababu Njombe imetoka ndani yake. Nimeshaona chati za aina hii zikitumika kugawa bajeti. Bila safu ya mwaka, faili la mipaka linadanganya kwa namba za kweli.

Jumamosi, Mbeya, Vwawa, Tunduma

Kabla ya kuondoka nimerekebisha kata moja iliyokuwa imetoweka kwenye OpenStreetMap. Mpaka kule ni mkusanyiko wa vipande vya mistari vinavyotakiwa kufunga duara. Mtu aliyekuwa akinyoosha mto, kwa nia njema kabisa, alifuta kipande kilichokuwa pia mpaka wa kata. Duara likaachia, na kila aliyepakua data tangu siku hiyo alipata kata zote isipokuwa hiyo. Kwenye JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, historia inaonyesha kila badiliko. Nimerudisha kipande, nikamwandikia mhusika ujumbe wa heshima. Amejibu kabla hatujafika Mbalizi, akashukuru.

Uwanja wa ndege wa Songwe tumeupita tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Ndiyo, uwanja wa Songwe hauko Songwe. Na mkoa wa Songwe una wilaya ya Songwe, ambayo makao makuu ya mkoa hayamo. Yako Vwawa, wilaya ya Mbozi. Na kuna mto Songwe mpakani na Malawi. Kimondo cha Mbozi nacho vitabu vingi vya watalii bado vinakiweka Mbeya. Tumeongeza safu ya majina ya zamani kwa ajili ya watu watakaotafuta kwa jina wanalolijua.

Tunduma: malori hadi macho yanachoka. Nimesimama sokoni na simu ikanikaribisha Zambia ingawa miguu iko Tanzania. Ng'ambo ni Nakonde, na kati yake kuna mawe ya mpaka ambayo watu wanayapita wakienda kununua sabuni. Mstari huu ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, tume yao ikaupima ardhini 1898, makubaliano yakatiwa saini 1901. Una zaidi ya karne, na ndio uliokaa vizuri kuliko yote tuliyoikagua njiani. Nadhani ni kwa sababu kila upande una mtu anayelipwa kuulinda. Mpaka wa kata hauna mlinzi.

Jumapili, nyumba ya wageni, Tunduma

Leo ni kupakia. Tumetoa data kwa miundo mipya ya faili, GeoPackage na GeoJSON, na kwa shepufaili ya zamani kwa wanaoishikilia. Shepufaili hairuhusu jina la safu lizidi herufi kumi, kwa hiyo safu yetu tunayoijali kuliko zote, mwaka_mpaka, imekatwa ikawa mwaka_mpak. Mwenzangu amenuna. Ndani ya folda kuna faili la maandishi, SOMA_KWANZA: mstari upi umetoka wapi, ni wa mwaka gani, uko kwenye mfumo upi wa vipimo, leseni ni ipi, na sentensi ya mwenyekiti, kwamba haya si ushahidi wa umiliki wa ardhi. Vilivyotokana na OpenStreetMap vimebaki ODbL. Tulivyopima wenyewe tumeviweka pia kwenye OpenStreetMap, na tarehe na chanzo vimeandikwa. Kipande cha bondeni hatukukipakia kule. Kimo kwenye faili letu tu, na lebo yake.

Saa tisa alasiri mtendaji amepiga. Ramani zimefika, moja imeshabandikwa ofisini. Ila kijiji cha ng'ambo ya bonde wameiona, wanasema nukta nukta zimechorwa upande wao bila wao kuulizwa, na wana bikoni zao, na wana barua tayari. Wanauliza tunakuja lini, na hiyo A3 ya laminesheni nani analipia. Tumewaambia tunalipia sisi. Basi la kesho tutashuka Makambako.